VOLTI 12 TU? TUHESHIMU BATRI YA PIKIPIKI

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama uliye nyumbani pamoja na watoto, ukurasa huu huwaonya kila mara juu ya malori makubwa, asidi, vumbi na mawe yanayoporomoka. Leo tuongee juu ya kitu kidogo ambacho wengi hawakihesabu kati ya hatari, nacho kinalala ndani ya nyumba zetu: batri ya pikipiki.

Tazama pikipiki zinazopangwa karibu na lango la kazi saa ya kubadilisha posti. Utaona TVS, Boxer, na nyingine nyingi zilizotoka China. Zilipotoka dukani kila moja ilikuwa na fari moja, taa ya nyuma, taa nne za kuonyesha kona na klaksoni moja. Sasa hesabu vilivyoongezwa: taa mbili nyeupe za LED kwenye usukani, taa za rangi zinazomulika chini ya kiti, redio na maspika yake, king'ora cha kufukuza wezi, chaja ya simu, na klaksoni inayolia kama ya lori. Vyote vinakula katika sahani moja, yaani batri ndogo inayoenea mkononi.

Sitaki kukuficha maoni yangu. Kuongeza taa si kosa. Mtu anayerudi Kapata, Luilu au Musonoi baada ya posti ya usiku, katikati ya vumbi na malori, anahitaji kuona njia na kuonekana na wengine. Kosa ni kutoa waya kwenye batri bila fyuzi. Fyuzi ni kile kipande kidogo ambacho wengi wetu tunakiita fizibili: ndani yake mna uzi mwembamba unaokatika umeme ukizidi. Ukisahau mengine yote ya ukurasa huu, ulishike hilo moja.

KAZINI TUNAJUA, NYUMBANI TUNASAHAU

Kazini hakuna anayeingiza mkono katika mkanda wa kubebea mawe mbele ya kuzima mashine, kuifunga kwa kufuli na kutundika kibao chenye jina lake. Fyuzi ya kiwandani ikikatika tunamwita fundi wa umeme, naye hutafuta kwanza sababu. Mtu akionekana ameweka msumari mahali pa fyuzi, shefu hatamwacha aingie posti siku ile.

Lakini mtu huyo huyo akifika nyumbani, fyuzi ya pikipiki ikikatika, anachukua karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, anaikunja na kuiweka pale. Taa inawaka, naye anafurahi. Kwa nini akili tunayokwenda nayo kazini tunaiacha langoni pamoja na kofia ya usalama?

Sisi watu wa Kolwezi tunapaswa kujua kuliko wengine. Tangu mwaka 1982 umeme wa Inga unafika mjini kwetu kwa njia ya nyaya ya kilometa zipatazo 1,700. Umeme ule unasafiri kwa mkondo wa upande mmoja, jinsi moja na ule wa batri yako, ila wenyewe ni wa volti 500,000. Kazi kubwa kama ile haina waya usiokuwa na chombo cha kuukata hatari inapotokea. Kama wahandisi hawakuthubutu, wewe unathubutu kwa nini?

VOLTI CHACHE, AMPEA NYINGI

Utaniambia: «Volti 12 hazimpigi mtu.» Ni kweli. Ukishika ncha zote mbili za batri kwa mikono mikavu hutasikia kitu. Lakini hapo ndipo tunapodanganyika. Umeme unaoshtua mwili unahitaji volti nyingi, lakini waya unaungua kwa sababu ya wingi wa ampea. Na ampea batri inazo.

Mfaransa Gaston Planté alitengeneza batri ya kwanza ya risasi mwaka 1859. Ile ya pikipiki yako ni mjukuu wake: vibao vya risasi ndani ya asidi. Sifa yake kubwa ni kutoa nguvu nyingi kwa mara moja, maana kazi yake ni kuamsha injini. Hata batri ndogo ya ampea-saa 4 hadi 9, ncha zake mbili zikikutana, inaweza kutoa ampea zaidi ya 100 kwa muda mfupi. Taa ya LED ya wati 12 inahitaji ampea 1 tu. Waya ulionunuliwa kwa ajili ya ampea 1, ukipitishiwa ampea 100, unakuwa mwekundu, ngozi yake ya plastiki inayeyuka na kushika moto. Na waya huo unapita wapi? Chini ya tangi la esansi.

Jambo hili halitokei siku ya kufunga taa. Siku ile kila kitu kinawaka vizuri na fundi analipwa. Kisha barabara inaanza kazi yake. Kila unapokata kona, waya unasugua chuma karibu na usukani. Mashimo yanautikisa. Vumbi letu jekundu linaulainisha kama msasa. Mvua ya Novemba inaingia katika maungo. Siku moja ngozi inatoboka na shaba inagusa fremu. Fremu nzima ya pikipiki imeunganishwa na ncha hasi ya batri, kwa hiyo kugusa fremu ni sawa na kugusa ncha hasi yenyewe.

Kama kuna fyuzi, inakatika mara moja. Taa za nyongeza zinazimika, unanung'unika, unafika nyumbani kwa fari yako ya kawaida. Kama hakuna fyuzi, waya ule unaunguza na nyaya za jirani zilizofungwa pamoja nao, hata ule wa fari. Unabaki gizani ghafla kwenye barabara ya Likasi, nyuma yako lori limebeba shaba, mbele yako lori jingine limeegeshwa bila taa. Mdharau mwiba mguu huota tende.

TUFANYE HESABU KIDOGO

Hesabu hii hata mtoto wa shule anaiweza. Gawanya wati kwa volti, utapata ampea. Taa mbili za wati 12 kila moja ni wati 24; gawanya kwa 12, utapata ampea 2. Redio ya wati 100 ikipigwa kwa nguvu yote ni ampea 8 na zaidi. Batri ya ampea-saa 5 haiwezi kuilisha hata saa moja.

Usiseme kwamba injini itajaza batri. Kile chombo cha kuzalisha umeme ndani ya injini ya pikipiki ndogo hutoa wati 100 hivi, na hapo injini lazima izunguke vizuri. Ukisimama njiani injini ikipumua polepole, wati zinapungua sana. Fari peke yake huenda ikala 35, na taa ya nyuma inataka yake. Kinachobaki ni cha kuirudishia batri nguvu. Kwa maoni yangu, vitu vya nyongeza vinavyowaka kwa wakati mmoja visizidi wati 30. Taa za LED zinaingia vizuri katika hesabu hiyo. Redio kubwa haiingii, nayo haikusaidii kufika salama.

Ili kuchagua fyuzi, chukua ampea za chombo chako, ongeza robo yake, kisha nunua fyuzi iliyo karibu kwa juu. Taa zetu za ampea 2 zinataka fyuzi ya ampea 3. Usiweke ya ampea 20 eti ili isikatike. Kazi ya fyuzi ni kuulinda waya, kwa hiyo waya lazima uweze kubeba zaidi ya fyuzi: kwa fyuzi ya ampea 3 waya wa milimeta mraba 0.75 unatosha, kwa ampea 10 chukua wa 1.5.

SHABA YA KWELI NA SHABA YA RANGI

Hapa kuna jambo la kuchekesha na la kuhuzunisha. Sisi tunaoitoa shaba ardhini, tunapokwenda sokoni kununua waya tunaweza kuuziwa aluminiamu iliyopakwa shaba kwa juu. Nje inang'aa nyekundu, ndani ni nyeupe. Aluminiamu inapitisha umeme kiasi cha asilimia 60 tu ya shaba ya unene ule ule, tena inakatika upesi ikitikiswa. Kwenye pikipiki kila kitu kinatikiswa.

Mbele ya kulipa, kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe chini ya wekundu, rudisha. Ukiona kinyume chake, nje nyeupe na ndani nyekundu, usiogope: hiyo ni shaba iliyopakwa bati, nayo ni nzuri. Chagua pia waya wenye nyuzi nyingi nyembamba. Ule wenye uzi mmoja mgumu ni wa kuta za nyumba, hauvumilii mtetemo.

NAMNA YA KUFUNGA SAWASAWA

1. Zima kontakti na kutoa ufunguo. Vua pete na saa ya chuma, maana pete ikigusa ncha zote mbili inachoma kidole hadi mfupa.

2. Ondoa kwanza waya wa ncha hasi, kisha wa ncha chanya. Wakati wa kurudisha, anza na chanya, malizia na hasi. Ukianza kufungua chanya na ufunguo wa spana ukagusa fremu, cheche zitaruka usoni mwako. Ukiwa umeondoa hasi, spana ikigusa fremu hakuna kitu.

3. Weka fyuzi kwenye waya wa chanya, karibu na batri, isizidi urefu wa kiganja. Sehemu ya waya iliyo kati ya batri na fyuzi haina mlinzi, kwa hiyo iwe fupi. Fyuzi iliyowekwa kule kwenye taa haina maana.

4. Kwa klaksoni kubwa na taa zenye nguvu tumia rele. Swichi ya mkononi itaiamrisha rele, na rele itabeba mzigo. Iunganishe ili itii ufunguo: ukizima pikipiki, nyongeza zote zizimike.

5. Usisokote nyaya kwa vidole na kuzifunika kwa mfuko wa plastiki. Ungo liunganishwe kwa kulehemu au kwa kichwa cha kubana, kisha lifunikwe kwa utepe mzuri wa umeme.

6. Pitisha waya mbali na bomba la moshi na mbali na chuma chenye makali. Ufunge kwenye fremu, lakini acha ulegevu kidogo karibu na usukani. Geuza usukani kushoto kabisa, kisha kulia kabisa. Ukiona waya unavutika au unabanwa, anza tena.

7. Waya wa kurudi uupeleke kwenye ncha hasi ya batri. Usiufunge kwenye skrubu yoyote yenye rangi na kutu.

8. Endesha nusu saa taa zikiwaka, kisha gusa waya kwa mkono. Ukiwa wa moto, ni mwembamba mno. Kama una kipimo cha volti, batri iliyojaa na kupumzika huonyesha 12.6 au zaidi. Injini ikizunguka vizuri ionyeshe kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki chini ya hapo, nyongeza zako zinakula kuliko injini inavyoleta.

PIKIPIKI INAYOLALA NDANI YA NYUMBA

Sasa nasema na mama wa nyumba. Kwa sababu ya wezi, pikipiki nyingi zinalala ndani, mara nyingi zimeegemezwa kwenye mlango ili mwizi asiweze kuufungua. Mama, ufikiri jambo hili. Chombo chenye esansi na batri kimefunga mlango, na huo mlango ndio njia ya pekee ya watoto kutoka. Moto ukianza pale saa nane ya usiku, mtapita wapi?

Tena king'ora cha wezi kinafanya kazi usiku kucha, ufunguo ukiwa umetolewa. Waya wake una umeme wakati wote mnapolala. Basi huo kuliko mwingine wowote usikose fyuzi.

Kama pikipiki lazima ilale ndani, iweke kando ya ukuta, acha njia ya mtu kupita, funga bomba la esansi, na waya wa hasi uondolewe kwenye batri. Ukiuondoa, king'ora nacho kitanyamaza. Mnyororo na kufuli vitafanya kazi ya ulinzi. Usiwashe mshumaa wala mbabula karibu nayo. Batri inayojazwa hutoa gesi ya haidrojeni, na hewa yenye asilimia 4 tu ya gesi hiyo inaweza kulipuka kwa cheche moja. Wengi wetu tunaacha batri kwenye chaja usiku kucha mara umeme wa SNEL unaporudi. Fanya hivyo nje au mahali penye madirisha wazi, mtu mzima akiwa macho, na zima chaja mbele ya kuondoa nyaya zake.

Wakati wa delestaji wengine huitoa batri ya pikipiki na kuwasha nayo taa ya nyumba. Sheria haibadiliki: fyuzi kwanza. Tena batri isimame wima, isiwekwe chini ya kitanda, na watoto wasiichezee. Wenzetu wa viwanda vinavyotoa shaba kwa asidi sulfuriki wanajua asidi ile inavyofanya. Ndani ya batri ni ile ile, kiasi cha theluthi moja ya uzito wa maji yake. Kazini kuna bomba la kuoshea macho, nyumbani hakuna. Ikiruka machoni, osha hapo hapo kwa maji safi mengi, dakika 20 bila kuacha, kisha nenda hospitali. Usitie maziwa, mafuta wala dawa ya kienyeji.

«LAKINI...»

Najua majibu yatakayokuja. «Fyuzi ilikuwa inakatika kila siku, ndiyo maana niliitoa.» Ndugu, fyuzi inayokatika kila siku ni mlinzi anayepiga kelele kila usiku. Usimfukuze mlinzi, mtafute mwizi.

«Ni fundi wa kartiye aliyefunga, mimi si mtu wa umeme.» Basi mwulize swali moja tu: «Fyuzi iko wapi?» Akishindwa kuionyesha kwa kidole, kazi haijakwisha na usilipe. Bei ya fyuzi na nyumba yake ni ndogo sana ukiilinganisha na bei ya kununua nyaya zote upya, sembuse pikipiki. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

«Mambo ya pikipiki yangu hayahusu kampuni.» Yanahusu. Sheria ya usalama wa jamii ya nchi yetu inahesabu ajali ya njia ya kwenda na kurudi kazini kuwa ajali ya kazi. Na mtu aliyeungua nyumbani haji posti, sawasawa na aliyeungua kiwandani. Wale wanaokaa naye mezani wanalia machozi yale yale.

Kwa hiyo nina ombi pia kwa wakubwa wa kazi na kwa kamati za usalama. Gari dogo haliingii katika shimo la mgodi bila kukaguliwa taa, breki na kizima-moto chake. Pikipiki za wafanyakazi zinabaki nje ya lango na hakuna anayezitazama. Mafundi wetu wa umeme ni hodari. Mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Oktoba mbele ya mvua na mwezi wa Aprili zinapokwisha, wapite katika maegesho, wafungue viti, watazame batri. Isiwe kwa kutoa adhabu, maana mtu anayeogopa adhabu ataegesha mbali. Asiye na fyuzi apewe moja na kuonyeshwa namna ya kuifunga. Na wafanyakazi wa makampuni madogo yaliyopewa kazi na kampuni yetu wasiachwe kando. Barabara wanayopita usiku ni ile ile.

Wewe usingoje mwezi wa Oktoba. Leo jioni fungua kiti cha pikipiki yako, shika waya wa chanya na kuufuata kwa kidole. Kila waya uliozidi ule wa kiwandani uwe na fyuzi yake. Usipoiona, ondoa waya huo kwenye batri hadi uipate. Mwite mtoto wako mkubwa atazame unavyofanya, maana kesho yeye ndiye atakayekuwa na pikipiki.

Fyuzi kwanza, taa baadaye.